Siku ya mechi ya mchezaji wa kuhamahama

Saa 11 alfajiri, Kigali. Simu haijaita bado, lakini goti la kushoto limeshaniamsha. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nalikunja na kulikunjua taratibu, kisha nasimama na kukanyaga mpira wa tenisi kwa unyayo, mguu huu halafu ule, mpaka misuli ilegee. Baadaye kamba ya mpira kwenye vifundo, kisha ukutani kwa ajili ya nyonga. Karibu saa nzima inakwenda hivyo kila siku, iwe siku ya mechi au ya mapumziko. Nina miaka 33. Mchezaji wa umri wangu akikaa nje wiki mbili kwa jeraha, klabu huanza kupiga simu kwingine.

Naandika haya kwa sababu mtu akisikia nacheza mpira wa kikapu wa kulipwa, anafikiria NBA, ligi kuu ya Marekani, moja kwa moja. Nyumbani Tanzania ndio usiseme: wote wanamtaja Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili klabu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Yaliyofuata huwa hayatajwi. Memphis, Houston, Portland, Oklahoma City, ligi ya chini ya Marekani, Japani, Taiwan. Mtu mwenye urefu wa mita 2.21, aliyefika pale ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika kabla yake, naye ameishi na mabegi miaka na miaka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe kwa wengi wetu. Mimi nilianzia viwanja vya Don Bosco, Upanga, nikaenda Nairobi, Kampala, Bujumbura, Lubumbashi, nikarudi Dar, na sasa niko hapa. Mikataba yetu mingi ni ya msimu mmoja. Mingine ni ya miezi mitatu, ya kumalizia ligi tu.

Saa 1 na nusu: uji, mayai matatu, ndizi. Saa 3 mazoezi mepesi Petit Stade, kule Remera.

Siku ya mechi asubuhi hatukimbii sana. Tunapita mipango yetu kwa mwendo wa kutembea, halafu kila mtu anarusha mipira yake. Kwangu mimi hii ndiyo saa ngumu kuliko mechi, kwa sababu nimejiunga na timu ligi ikiwa katikati. Kocha akiinua ngumi, ishara ya mpango wa kucheza, wenzangu tayari wameshakwenda. Kampala ngumi ilikuwa na maana ya mimi kupanda juu na kumwekea skrini namba 1, mchezesha timu, yaani kusimama imara njiani ili beki wake asimfuate. Lubumbashi ngumi ilikuwa mpira uingie kwa namba 5, mtu mrefu wa chini ya kikapu. Hapa ngumi ni skrini mbili za mgongoni mwa mabeki, na nikichelewa hatua moja mpigaji wetu wa pointi tatu anapokea mpira akiwa na beki kifuani. Kwa hiyo usiku nachora kwenye daftari, na asubuhi mwili unajifunza kusahau Kampala na Lubumbashi. Vijana wanaongea Kinyarwanda, kocha Kiingereza na Kifaransa, na sisi tuliopitia Kongo au Dar tunasukumana kwa Kiswahili. Wiki ya kwanza nilikuwa nawauliza kila kitu. Sasa kuna kijana mmoja, namba 4 kama mimi, yaani anayecheza karibu na kikapu, ndiye ameanza kuniuliza. Nafurahi kuliko ninavyoonyesha.

Saa 5 hivi narudi chumbani, miguu kwenye ndoo ya barafu, na hapo simu inaanza.

Nieleze kwanza. Mchezaji akivuka mpaka, hawezi kucheza mpaka shirikisho la nchi aliyotoka litoe hati ya uhamisho. Kanuni ya FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, iko wazi: hati inaweza kuzuiwa kwa sababu moja tu, kwamba mkataba wako na klabu ya zamani bado unaendelea. Wangu uliisha, tarehe imeandikwa na saini zipo. Lakini shirikisho huwa linaiuliza klabu, na klabu yangu ya zamani ya Dar, ambayo sitaitaja, ilikuwa haijajibu. Ilikuwa inanidai saini kwanza. Walinitumia karatasi inayosema nimelipwa stahiki zangu zote na sina madai yoyote. Wananidai saini, na wao nawadai mishahara ya miezi miwili.

Anayepiga ni katibu wa klabu, mtu mzima wa umri wa baba yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hali ya huko? Sasa hiyo karatasi mbona hujarudisha?"

"Mzee, karatasi inasema nimelipwa. Sijalipwa."

"Hela ipo. Mfadhili kachelewa kidogo tu. Wewe saini, hati yako itatoka leo hii hii."

"Ikiingia leo, mzee, nasaini leo."

Akanyamaza. Halafu akaanza nilichokitarajia: kwamba mimi ni mtoto wa klabu, walinipokea nikiwa sina timu, walinipeleka hospitali nilipoteguka kifundo, sasa nataka kuwaharibia jina kwa vihela vidogo. Vihela hivyo ni kodi ya nyumba na ada ya shule ya wanangu wawili. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, maana hasira yangu haiko kwake yeye peke yake, na ni kweli walinipeleka hospitali. Akasema atanipigia baada ya muda mfupi. Hakupiga. Nikapiga mimi, haikupokelewa. Nikapiga tena, ikapokelewa na mtu mwingine aliyesema mzee yuko kikaoni. Saa 7 nikala wali na maharage kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Saa 7 na nusu akatuma ujumbe: karatasi ileile, safari hii neno "zote" limefutwa, mengine yote yako palepale.

Ofisi za kule ziko saa moja mbele yetu. Sisi saa 9 alasiri, wao saa 10, wanafunga madaftari. Hilo nalo katibu analijua.

Wasomaji wataniuliza kwa nini sishtaki. Ipo mahakama ya usuluhishi ya mpira wa kikapu, ilianzishwa chini ya FIBA mwaka 2007 na makao yake ni Geneva. Wenzetu wengi wamelipwa kupitia huko. Lakini inasikiliza shauri pale tu pande zote mbili zimekubali kwenda kwake, kwa kawaida kwa kifungu kilichoandikwa ndani ya mkataba. Niliomba kifungu hicho kiwekwe. Klabu ikakataa, na timu nyingine haikuwepo mezani msimu ule. Hata kama kingekuwepo, ada ya kufungua shauri hairudishwi, na kwa madai ya miezi miwili ya mshahara wa ligi zetu, ada inaweza kumeza sehemu kubwa ya unachokidai. Klabu zinalijua hilo vizuri. Ndiyo maana deni la mchezaji wa kuhamahama huwa la mwisho kulipwa: meneja anajua msimu ujao utakuwa nchi nyingine, na nauli ya kurudi kudai ni mzigo wako.

Aliyeniokoa ni wakala wangu. Wakati mimi nabembelezana na katibu, yeye alikuwa amewaandikia watu wa shirikisho moja kwa moja, akaambatanisha mkataba wenye tarehe ya mwisho na kanuni yenyewe, akaeleza kwamba deni ni suala jingine na halihusiani na hati. Saa 10 kasorobo kwa saa za hapa, yaani muda ambao nilishahesabu kwamba ofisi imefungwa, hati ikaonekana kwenye mfumo. Mtu fulani kule alibaki ofisini kwa ajili yangu. Simjui, na ninamshukuru.

Bado leseni ya hapa. Kocha anatakiwa kukabidhi orodha ya majina mezani dakika 40 kabla ya mechi, na mechi ni saa 2 usiku. Meneja wa timu akapanda pikipiki na nyaraka zangu. Mimi nikalala, au nilijaribu kulala. Mwili ulikuwa umechoka na hata mpira sijaugusa.

Tulipofika uwanjani jina langu lilikuwa kwenye orodha.

Fizio, mtaalamu wa viungo wa timu, akanifunga plasta vifundo vyote viwili, na hapa naomba mtu asiyejua aone kinachofanyika. Nywele za mguu zimeshanyolewa, maana plasta ikibanduliwa ingezing'oa. Anaweka sponji nyembamba mbele na nyuma, pale kamba za viatu zinapokwaruza. Kisha mikanda mitatu kutoka ndani ya kisigino kwenda nje, kuushika mguu usipinduke upande ule uliowahi kupinduka, halafu anazungusha namba nane mara mbili. Unasimama, unaruka kidogo, unamwambia kaza au legeza. Nikivaa raba juu yake kifundo hakiniumi. Kinakuwa kigumu kama bomba, na ndivyo ninavyokitaka.

Sikuanza. Niliingia robo ya pili, namba 5 wetu alipopata faulo ya tatu. Niliyekabidhiwa ana mita 2.08, mimi 1.98. Hapo ujana hausaidii, na hata kuruka hakusaidii sana. Unashusha kiuno chako kiwe chini ya kiuno chake, unaweka paja kwenye nyama ya nyuma ya mguu wake kabla mpira haujafika, na unamsogeza nje kidogo kidogo, ili akiupokea awe mita tatu kutoka kwenye kikapu, si moja na nusu. Mwamuzi haoni kitu kwa sababu hakuna cha kuona. Mashabiki nao hawaoni. Sekunde 24 za kushambulia zinakwisha, anarusha mpira wa kulazimisha, unagonga chuma, na kwenye karatasi ya takwimu kinachoandikwa ni kwamba yeye kakosa.

Skrini ndivyo zilivyo. Nilimwekea gadi wetu, mchezaji wa nje, skrini nyingi robo ya tatu, miguu imepandwa, mikono imekunjwa kifuani, na kila moja ni bega la mtu anayekuja kasi kwenye mbavu zangu. Alifunga mfululizo, uwanja ukasimama kwa ajili yake, na ni haki yake. Lakini kila alipofunga alininyooshea kidole kabla ya kurudi kukaba. Kocha aliona. Ndiyo maana nilimaliza mechi nikiwa ndani. Nilifunga pointi 4, tukashinda kwa 6.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Barafu tena, magoti yote mawili. Mke wangu alipiga. Kwao ilikuwa imekaribia usiku wa manane na alikuwa ameuangalia mchezo kwa simu mpaka vifurushi vikaisha dakika ya mwisho, ikabidi nimwambie mimi tulivyomaliza. Akauliza ile hela ya Dar. Nikamwambia bado, lakini sikusaini. Akasema vizuri.

Yule kijana namba 4 alinisubiri nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Tangu BAL, ligi ya mpira wa kikapu ya klabu za Afrika, ilipoanza hapa Kigali mwaka 2021, mawakala wanawafuata mapema, na yeye alikuwa na mkataba kwenye simu, klabu ya nchi jirani, msimu ujao. Aliniuliza, "Kaka, hii hela ni nzuri?" Hela ilikuwa nzuri. Tukakaa kwenye ngazi za uwanja, tukatafuta tarehe za malipo: hazikuwepo, imeandikwa "kila mwezi" tu. Nani analipa hospitali akiumia: kimya. Tikiti ya kurudi: kimya. Kifungu cha usuluhishi: hakuna. Nikampa namba ya wakala wangu na kumwambia asijibu chochote usiku huu, hata wakimpigia. Kesho saa 4, baada ya barafu, anakuja kwangu na mkataba umechapishwa na kalamu nyekundu.