Nilivyopona kukata mringaringa kwenye ujenzi wa chuo, Moshi

Mimi kazi yangu kuchora ramani na kusimamia mafundi. Mwaka juzi chuo kimoja huku Moshi waliniita kusimamia madarasa mawili, nafika nakuta ramani imeelekeza madirisha yote magharibi kisa jengo lipendeze ukiwa barabarani, halafu kwenye kiwanja kuna mti mnene wa mringaringa umeshapigwa rangi nyekundu, yaani unasubiri msumeno tu.

Nikaongea na kamati wakaniambia usituchelewesha bana. Sikubishana. Niliomba tu kikao kinachofuata tukalie kwenye darasa lao la zamani linaloangalia magharibi, saa 9 mchana, mwezi wa 2. Aisee! Haikufika nusu saa mama mhazini kahamisha kiti mara tatu, mwenyekiti anajipepea na makabrasha, mwisho mwenyewe akasema twendeni tukamalizie pale chini ya mti. Tulivyokaa nikamuuliza, sasa mzee, huu bado tunaukata? Akacheka tu.

Basi tukageuza jengo, madirisha yakaangalia kaskazini na kusini. Huku tuko kama digrii 3 tu kusini ya ikweta, jua la mchana linapita juu ya bati, mwezi wa 6 linaegemea kaskazini kidogo, wa 12 kusini, paa likitokeza mita 1 na kitu linakinga vizuri, ila lile la jioni linaingia chinichini na hakuna paa la kulizuia. Na kaskazini ndo Kibo iko, kile kilele cha Kilimanjaro, asubuhi kabla ya mawingu wanafunzi wanaiona wakiwa wamekaa.

Tofali tulitumia za kufungamana, udongo wa hapohapo na saruji kidogo, unashindilia kwa mashine ya mkono, hazichomwi kwahiyo hamna kuni. Kilichonisumbua ni mizizi, tungechimba mtaro wa msingi tungeiua, ikabidi baraza la upande wa mti likae juu ya nguzo, tunachimba shimo mojamoja na tukikuta mzizi tunasogea.

Nilipochemka ni kwenye gata. Maji ya bati yanaenda kwenye tenki, mvua ya milimita 10 kwenye bati la mita za mraba 200 ni karibu lita 2,000, hesabu tamu kabisa, ila wavu sikuweka. Masika ya kwanza majani yakaziba, maji yote yakamwagikia barazani. Siku hizi mlinzi anapanda na ngazi kila Jumamosi, na akiniona getini ananuna.