Vile nilishtaki afande aliyenivunja kidole

Mimi ni mtu wa boda hapa Mombasa. Jumanne moja jioni afande alitaka 200 nikakataa, akanipiga rungu, nikakinga na mkono wa kushoto na kidole cha kati kikavunjika hapo hapo, kikafura kama ndizi. Nikawekwa ndani mpaka Ijumaa asubuhi, kortini sikupelekwa, na Katiba kifungu cha 49 inasema masaa 24. Nikaachiliwa tu, nenda nyumbani, hakuna kesi.

Sikwenda nyumbani. Nilienda hosi moja kwa moja nikapigwa eksrei, na kila karatasi nikaweka, hata risiti ya panadol. Stesheni ile ile walikataa kuniandikia OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi, ikabidi mwenyekiti wetu wa steji anisindikize stesheni nyingine, wakaandika, nikapewa namba na P3, ile fomu daktari anajaza vile umeumia, na P3 ni bure jamani, usikubali kuuziwa.

Halafu nikaenda ofisi ya IPOA, wale wanaochunguza polisi, kupeleka malalamiko pia hulipi kitu. Jina la afande sikuwa nalijua manake hakuvaa beji ya jina na sheria inamtaka avae jina ama namba yake ya kazi, lakini mama wa mahamri pale steji alikuwa ameshika namba ya gari lao, ile ya GK ya serikali, na kwa hiyo namba wachunguzi wakapata nani walikuwa zamu siku hiyo. Huyo mama Mungu ambariki sana.

Sasa hapa ndio nilikaribia kuharibu kila kitu. Nilidhani IPOA ndio watanilipa nikakaa nikingoja, kumbe wao wanachunguza tu na kupeleka faili kwa DPP, mkuu wa mashtaka, fidia unaidai mwenyewe kortini, na ukidai serikali kwa kuumizwa hivi una miezi 12 peke yake tangu siku uliyoumizwa. Nilipoenda kwa wakili ilikuwa mwezi wa kumi tangu nivunjwe kidole. Alinitazama akaniuliza, "Ndugu yangu, ulikuwa wapi?" Tukafungua kesi mbio mbio dhidi ya afande na Mwanasheria Mkuu.

Kortini walisema nilianguka na pikipiki. P3 ilikuwa imeandikwa nimepigwa na kitu butu, na mama wa mahamri akaja kutoa ushahidi, akasema alichokiona bila kutetereka. Hakimu akanipa haki.

Lakini kushinda ni kitu kingine na kulipwa ni kingine, manake serikali huwezi kuitumia dalali akabebe viti, unachukua cheti cha korti kinachoonyesha unadai kiasi gani, unapeleka kwa katibu wa wizara, unangoja. Changu kimepelekwa, wakili anafuatilia kila mwezi. Kidole hakikunji tena, klachi nashika na vitatu vilivyobaki, na kazini narudi kila asubuhi steji ile ile.