Vipande vya dragoni vya kubebeshea kaktasi nyekundu

Vile vikaktasi vyenye kichwa chekundu vinavyouzwa kwenye bustani za maua barabarani, mnajua si mmea mmoja eeh? Mi nilikaa nacho karibu mwaka sijui. Kile chekundu hakina ukijani kabisa, hakiwezi kujipikia, kinakula kwa huyo wa chini mwenye pembe tatu, na huyo wa chini ni dragoni hii hii ya matunda. Mjapani anaitwa Eiji Watanabe ndo alikuta miche myekundu kwenye mbegu alizootesha mwaka 1941, akaiwahi kuibebesha, yaani kuibandika juu ya shina la kaktasi nyingine ili ilishwe nalo, kabla haijafa njaa.

Sasa masika iliyopita changu kikaoza chini, juu kizima na watoto wake sita. Nikasema kitu gani bwana, si watu wanabebesha maembe kila siku, nikaenda kwa mzee jirani anayelima dragoni akanipa kipande, jioni hiyo hiyo nikakata nikabandika. Wiki mbili kimekauka. Nikarudia, tena nikachomeka kipande kichwa chini miguu juu, mzee akapita akaniuliza, "Mwanangu, hapo unapanda au unazika?"

Kumbe kubandika ni kazi ya dakika mbili, kazi yenyewe ni shina la chini. Siku hizi nakata vipande vya sentimita 20 hivi, upande wa chini naukata mshazari ili nisichanganye tena, naviacha kivulini kama wiki nzima mpaka kidonda kikauke kiwe kigumu, ukikipanda kibichi kinaoza. Udongo mchanga wa mtoni na changarawe, samadi kidogo sana, na maji simwagi siku za mwanzo hata roho ikiniuma. Baada ya mwezi nakivuta taratibu, kikigoma kutoka basi kimeshika mizizi. Machipukizi ya pembeni natoa yote, ila sikibebeshi mpaka kianze kuota chenyewe, maana kisichokua hakina nguvu ya kulisha mgeni.

Siku moja kabla nakimwagilia kishibe. Wembe napangusa na spiriti, nakata kwenye sehemu laini ya juu, ukikuta katikati pagumu kama kijiti teremsha tamaa, hicho kimezeeka. Utelezi wake ni kama wa bamia. Halafu zile kona tatu nazichonga zilale, hapa ndo niliua watoto wawili, kwa sababu nyama ya ndani ikikauka inazama na ganda linabaki juu, kwa hiyo kichwa kinainuliwa kinaachia. Katikati kuna kaduara kama pete, juu na chini vyote vinako, lazima vigusane, hata vikikatana tu inatosha, vikikosana kabisa umepoteza muda. Nafunga na rababendi za kufungia noti, si kwa kukaza sana, kivulini wiki moja na nusu, maji yasiguse kidonda.

Saa hizi kibarazani nina makopo kumi na moja, matatu yameshika na kimoja kimeanza kutoa katoto kadogo kama punje ya mtama. Mzee kila akipita anauliza hizi nyekundu zitazaa lini tule, sijapata moyo wa kumwambia.