Asta ya mwituni: nilivyoiotesha kwa mbegu hadi ikachanua

Asta ya New England, ua la mwituni la Amerika Kaskazini, haihitaji mbolea. Inachotaka ni jua na udongo usiokauka, jambo nililolisoma kwenye makazi yake huku kusini mwa Minnesota, jimbo la Marekani: mbuga zenye unyevu, kingo za vijito, mitaro ya barabarani na pembezoni mwa misitu. Kwenye miinuko yenye kichanga kikavu ni nadra kuikuta, hata jua likiwa tele. Ukinunua mbegu, utakutana na majina mawili: la zamani Aster novae-angliae, na la sasa Symphyotrichum novae-angliae. Mmea ni uleule.

Asta za mwituni ni nyingi na zinafanana, kwa hiyo hakikisha kwanza. Hii hufikia mita 1 hadi 2, shina lina vinyweleo vigumu, na kitako cha jani hulikumbatia shina kama masikio mawili. Petali ni nyembamba, za zambarau, mara nyingi zaidi ya 40, zikizunguka kitovu cha njano. Nikibaki na shaka hushika kikonyo chini ya ua: hunata vidoleni. Asta ya majimajini (S. puniceum), jirani yake wa karibu, hainati.

Mbegu huwa tayari vichwa vikishageuka sufi, kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Huomba ruhusa kwa mwenye ardhi, nachukua vichwa vichache kwa kila mmea, tena kwenye mimea kadhaa. Asta hii haijichavushi vizuri. Mmea uliosimama peke yake hutoa sufi nyingi na mbegu tupu. Iliyojaa ni ngumu ukiiminya; tupu hupinda. Mmea wenyewe siung'oi kamwe.

Bila baridi, nyingi hazioti. Katikati ya Januari huchanganya kijiko cha chai cha mbegu na konzi ya mchanga wenye unyevu, natia kwenye mfuko, kisha friji, nyuzi 4 za Selsiasi hivi, siku 60. Hapa ndipo wengi hukosea: mchanga ukiukamua na maji yakadondoka, ni mbichi mno, na mbegu zitaota ukungu kabla ya Machi.

Kupanda: tandaza juu ya udongo, gandamiza kwa kiganja, usifukie. Mbegu ni ndogo sana, gramu moja ina zaidi ya 2,000, na zinahitaji mwanga. Kwa nyuzi 20 huchipua ndani ya wiki mbili au tatu. Mwagilia kwa kuweka maji kwenye sinia la chini. Uso wa udongo ukiloa muda wote na miche ikasongamana, kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche, huimaliza kwa siku mbili. Ikifikisha majani sita, kila mche upate kikopo chake. Mwishoni mwa Mei, hatari ya jalidi ikishapita, huihamishia nje kwa nafasi ya sentimita 60, pale maji ya paa yanapomwagikia.

Mwaka wa kwanza maua ni machache. Mwaka wa pili shina hurefuka na kulala chini mvua ikipiga, hivyo mapema Juni hupunguza theluthi moja ya urefu. Ukikata baada ya mwanzo wa Julai, unaondoa matumba.

Majani ya chini yakikauka na ubwiri unga, ukungu mweupe kama unga, ukaingia, usikimbilie dawa. Mara nyingi mizizi imekosa maji na mashina yamebanana. Tandaza majani makavu sentimita 5, mwagilia kwa kina mara moja kwa wiki mvua isiponyesha, na kila baada ya miaka mitatu au minne gawanya kichaka mapema Mei, utupe kitovu kilichozeeka.

Septemba na Oktoba, maua mengine yakiwa yamekwisha, asta ndiyo huwapa mbochi malkia wa nyuki wanene (bumblebee) na vipepeo monaki waelekeao Mexico. Mashina makavu huyaacha yasimame hadi Aprili, maana ndege hula mbegu zake juu ya theluji.