Kutenganisha kijivu na kijivu: ninavyopiga picha za uvungu wa madaraja na vichochoro

Uvungu wa daraja, ukuta wa nyuma wa ghala, ngazi za maegesho ya magari, kichochoro kinachoishia kwenye mapipa ya taka. Mahali kama hapa hapana kitu kimoja kinacholiita jicho. Ni zege, bati, lami na lipu iliyobanduka, na vyote vikiingia kwenye picha ya nyeusi na nyeupe huangukia karibu kijivu kile kile. Hapo ndipo picha nyingi za aina hii huharibika: mpigaji ameona umbo zuri, lakini kinachotoka ni karatasi yenye rangi ya uji. Baada ya mikanda mingi ya filamu nimeshika jambo moja: kazi yote, tangu kuchagua saa ya kwenda hadi kuchapa, ni kukitenganisha kijivu na kijivu jirani yake.

Naanza kwa kujiuliza vijivu hivyo viwili vinatofautiana kwa rangi au kwa mwanga. Chukua ukuta wa matofali mekundu ulioota kuvumwani za kijani. Kwa macho vimeachana kabisa. Kwenye filamu bila filta (kioo cha rangi kinachofungwa mbele ya lenzi) vinaweza kutoka karibu sawa. Filta ya kijani hung'arisha kuvumwani na kuyatia matofali weusi, na filta nyekundu hufanya kinyume chake. Mimi huchukua ya kijani mara nyingi zaidi, kwa sababu matofali yakiwa meupe kuliko mmea ulioyashikilia, ukuta hupoteza uzito wake. Kutu iliyochuruzika juu ya zege nayo ina tabia yake: filta nyekundu au ya chungwa huififisha, ya bluu huikoleza mpaka kila mchirizi ukaonekana.

Filta hula mwanga. Ya njano hula takriban stopu 1, yaani nusu ya mwanga; kila stopu inayofuata hukata nusu ya uliobaki. Ya chungwa kama stopu 2. Nyekundu nzito stopu 3. Nyekundu ina hila ya ziada: vivuli vya nje humulikwa na anga la bluu, na bluu ndiyo inayozuiwa, kwa hiyo vivuli huzama kuliko hesabu ya filta inavyosema. Nikiitumia kwenye kichochoro chenye jua upande mmoja, naongeza nusu stopu nyingine. Kwa kamera ya dijitali sifungi filta ya rangi kabisa. Napiga faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, lenye rangi zote, kisha nagawa vijivu kwa kupandisha na kushusha kila rangi kwenye programu. Kuondoa rangi tu kwa kubofya kitufe kimoja kunatupa kila kitu ambacho filta ingekipa. Ila usiisukume bluu mbali sana: chengachenga huibuka kwenye kuta laini, na mstari mweupe hujitokeza pale jengo linapokutana na anga.

Zege tupu, hata hivyo, halina rangi ya kuchuja. Hapo filta zote ni mzigo wa begi. Kinachotenganisha zege na zege ni upande mwanga unakotokea, na hii ndiyo sehemu inayonichukua muda mrefu kuliko zote. Jua likiuparaza ukuta karibu sambamba nao, alama za mbao za kumwagia zege, mashimo ya viputo na nyufa za unene wa uzi hujitokeza zote. Likiupiga uso kwa uso, ukuta ule ule huwa bapa kabisa. Ukuta unaotazama mashariki huparazwa muda mfupi kabla ya adhuhuri. Unaotazama magharibi, muda mfupi baada yake. Dirisha hilo ni fupi, pengine dakika 20, kwa hiyo siku ya kwanza huwa sipigi chochote. Naenda na dira, naandika ukuta unatazama wapi, nguzo ipi inatupa kivuli juu yake, na gari gani huegeshwa mbele yake asubuhi.

Pale ambapo vitu ni vingi na vya aina tofauti, kama mabomba, matanki na nyaya juu ya bati, jua kali linavuruga, kwa kuwa kila kitu kinazaa kivuli chake na jicho halijui kipi ni kitu na kipi ni kivuli. Bernd na Hilla Becher, waliokuwa wakipiga picha za minara ya maji na mitambo ya viwanda nchini Ujerumani kuanzia 1959, walichagua siku za mawingu kwa sababu hiyo hiyo: kitu kibaki na umbo lake. Na baada ya mvua usikimbilie nyumbani. Zege lililolowa huingia weusi, na linapoanza kukauka bila mpangilio hujigawa lenyewe katika vijivu vitatu au vinne ambavyo jana havikuwepo.

Kupima mwanga chini ya daraja kunahitaji hesabu kidogo. Kipima mwanga hudhani kila unachokielekezea ni kijivu cha kati. Tuseme kivuli nyuma ya nguzo, ambako bado nataka zege lionekane, kinasoma sekunde 1/2 kwa f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi). Mdomo wa daraja, kule nje kwenye jua, unasoma 1/250. Tofauti ni stopu 7. Kwa mfumo wa kanda uliotungwa na wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer, unaopanga toni kutoka nyeusi hadi nyeupe kwa hatua za stopu moja moja, kijivu cha kati kikiwa kanda ya tano, kivuli chenye maelezo hukaa kanda ya tatu, yaani stopu 2 chini ya kijivu cha kati. Kwa hiyo napiga 1/8, si 1/2. Mdomo wa daraja sasa uko stopu 5 juu ya kijivu cha kati, kanda ya kumi, yaani karatasi nyeupe tupu. Wingu likipita na nje kukishuka hadi 1/60, unarudi kanda ya nane na kuwa mweupe ulio na kitu ndani yake. Nasubiri wingu. Likikataa, nasogea mpaka nguzo izibe sehemu kubwa ya mdomo. Kwenye dijitali mpango hugeuka: nalinda weupe kwanza, kwa sababu weupe uliokatika haurudi, na vivuli navinyanyua baadaye.

Sekunde zikizidi moja, filamu huanza kuchoka, yaani haipokei mwanga kwa kasi ile ile. Kwa HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ninayotumia, muda uliopimwa hupandishwa kwa kipeo cha 1.31: sekunde 2 huwa 2.5, sekunde 4 huwa 6, 8 huwa 15, 15 huwa 35, na 30 huwa 86. Orodha hii nimeibandika mgongoni mwa kamera. Asiyeifuata hurudi na vivuli vitupu kama kioo na hudhani dawa yake imekufa.

Stendi ni ya lazima, na kamera ikae sawa kabisa kwa pima-maji. Ukiielekeza juu hata kidogo, kuta huanza kuegemeana, na katika picha ambayo umbo ndilo kila kitu kosa hilo hukaa mbele. Kamera ikiwa sawa, upeo wa macho hukata katikati na nusu ya chini hujaa lami. Dawa yake ni kupanda: ngazi za jirani, ukingo wa barabara, hata mita 1 ya ziada inasaidia. Ukikosa pa kupanda, rudi nyuma na uikate lami wakati wa kuchapa. Kunyoosha kuta kwa programu kunawezekana, lakini hula kingo, basi acha nafasi ya ziada pande zote. Kwa lenzi ya 35 mm kwenye filamu ya kawaida naweka f/11 na fokasi ya mita 3.75, kila kitu kutoka karibu mita 1.9 hadi mbali kabisa huwa kikali. Sishuki f/22. Kwenye tundu dogo hivyo mwanga hujipinda na punje za zege hulainika.

Jambo ambalo halihusu mwanga: mahali palipoachwa na mji huenda ni nyumbani kwa mtu. Godoro, sufuria, nguo zilizoanikwa chini ya daraja ni nyumba ya mtu, hata kama haina mlango. Napiga hodi kama ningepiga hodi popote, naeleza ninachofanya, na nikiambiwa hapana naondoka. Kwenye majengo yaliyofungwa naomba ruhusa kwa mlinzi au mwenye mali, na siendi peke yangu juu ya sakafu nisizozijua.

Kusafisha filamu ndiko kunakoamua vijivu vitaachana kiasi gani. HP5 Plus iliyopigwa kwa ISO 400 (kiwango cha wepesi wake kwa mwanga), ndani ya dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, huchukua dakika 13 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Mkanda mmoja wa 35 mm kwenye tangi dogo unahitaji ml 300, yaani dawa ml 150 na maji ml 150. Nikipiga mkanda mzima siku ya mawingu, kuta bapa, naongeza hadi dakika 15. Kwa mkanda wa uvungu wa daraja wenye jua nje, napima kama ni filamu ya 200 na nashusha hadi dakika 10 na nusu. Ndiyo maana sichanganyi mahali pa aina mbili kwenye mkanda mmoja. Napindua tangi mara 4 katika sekunde 10 za kwanza, kisha mara 4 mwanzoni mwa kila dakika, na kila mara naligonga mezani kutoa viputo. Ukuta mtupu haufichi kosa. Ukitikisa kwa nguvu, dawa hupita kwa kasi kwenye matundu ya pembeni mwa filamu na kuacha michirizi ambayo kwenye picha ya soko au ya msitu isingeonekana. Kiputo kimoja huwa doa la mviringo katikati ya zege. Baada ya hapo ni maji au dawa ya kusimamisha, kisha fiksa ya haraka (dawa inayoifanya picha isibadilike tena kwa mwanga) kwa kipimo cha 1+4, sehemu moja ya dawa kwa nne za maji, kwa dakika 4, na kuosha: jaza maji upindue mara 5, badilisha upindue mara 10, badilisha upindue mara 20.

Wakati wa kuchapa, kishawishi ni kuzidisha ukali, yaani tofauti ya weusi na weupe, wa picha nzima. Nyeusi inakuwa mkaa, nyeupe inakuwa chokaa, na vijivu vya katikati, vile tulivyovihangaikia, vinabaki vimebanana. Kwenye programu nashika mkunjo wa toni katikati tu: nauinua kidogo pale kijivu chepesi kilipo na kuushusha pale kijivu kizito kilipo, ncha mbili naziacha. Kwenye chumba cha giza naanza na gredi 2.5 (kiwango cha ukali huo kwenye karatasi), vipande vya majaribio vikitofautiana kwa sekunde 3, na kila kipande nakikausha kabla ya kukiamulia. Karatasi ya nyuzi huingia weusi ikikauka, na vijivu viwili vilivyoachana vizuri kwenye beseni vinaweza kukutana tena kwenye kamba. Kwa hiyo muda niliouchagua nikiangalia karatasi mbichi naupunguza kati ya asilimia 5 na 10, nachapa tena, naianika, kisha naangalia kesho yake kwa mwanga wa dirisha.