Wanasesere wa Ratchaprarop

Wauza nguo wa Kariakoo waliowahi kufika Bangkok wanaijua Pratunam: blauzi zinauzwa kwa dazeni, marobota ya nguo yamejaa njiani, kila mtu anahangaika na kargo. Mwaka 2009 nilikuwa huko nikisubiri mzigo wangu ufungwe. Dada mmoja tuliyekuwa tumepanga naye chumba akaniambia, "Wewe si fundi cherehani? Hapo karibu, kwenye kichochoro cha Barabara ya Ratchaprarop, kuna nyumba ya wanasesere. Nenda ukaone mishono."

Ilikuwa nyumba ya Bi Tongkorn Chandavimol, aliyekwenda kujifunza kazi hiyo Tokyo, kisha akaanzisha karakana yake miaka ya 1950. Mwaka 1978 wanasesere wake walishinda mashindano ya Krakow, Poland. Kwenye makabati ya vioo walikuwapo wacheza ngoma wa kasri na Hanuman, yule nyani shujaa wa ngano, mwenye nguo za kumetameta. Hao niliwapita upesi. Walioninasa ni watu wa milimani, wa kaskazini mwa Thailand: Akha, Hmong, Mien, Lisu, Lahu, Karen.

Wa Mien alivaa suruali iliyotariziwa mpaka miguuni, na shingoni nyuzi nyekundu nene zikimshuka kifuani. Sketi ya Hmong ilikuwa ya nili, yote marinda. Kupanga marinda kwenye kitambaa cha mita tatu tu ni kazi ya kuumiza mgongo. Haya yalikuwa kwenye sketi fupi kuliko kiganja changu! Wanawake wa Akha hupamba kofia zao kwa fedha, shanga na sarafu za zamani, zikiwamo rupia za India. Kofia ya mwanasesere nayo ilikuwa na vidude vyake vya kung'aa, kimoja kimoja, vimeshonewa kwa mkono.

Wa Karen walikuwa wawili. Mmoja alivaa gauni refu jeupe, mwingine blauzi na sketi nyekundu. Mama mmoja mfanyakazi wa pale, kwa Kiingereza kidogo na ishara za mikono, akanieleza: mwenye nyeupe hajaolewa, mwenzake ni mke wa mtu. Nikasimama hapo muda mrefu. Mimi rangi nazichagua kwa kuangalia ipi itatoka haraka dukani. Fundi huyu akikosea rangi, amemwoza binti wa watu.

Nilimnunua yule wa gauni jeupe, bila kuomba nipunguziwe, nikamweka kwenye mkoba wangu wa mkononi. Sikutaka apande kargo.

Nyumbani nilimpa mama, aliyetumia ujana wake kushona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono. Hakutazama sura. Alilipindua gauni, akapitisha kidole gumba kwenye upindo, akalisogeza dirishani.

"Hata ndani amepinda," alisema. "Huyu aliyeshona ana mkono." Akanirudishia, akaniagiza safari ijayo nimletee yule wa Mien, auone huo utarizi kwa macho yake.