Mpagazi hula mzigo wake: kanuni zetu za chakula, kampeni ya 1916 hadi 1918

Tuko watu wanne na ramani moja kubwa iliyogawanywa kwa pembesita, na kwa miezi minane tumekuwa tukicheza kampeni ya Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Mimi ndiye mwamuzi. Kitabu cha kanuni tulichoanza nacho kilikuwa na sentensi iliyonikera tangu siku ya kwanza: vikosi vya msituni havikaguliwi chakula. Yaani Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akishaingia porini hana haja ya kula. Anatokea, anapiga, anapotea, zamu baada ya zamu. Sentensi hiyo nimeifuta na nimeandika kanuni zangu.

Nilianzia kwa mpagazi. Mwaka 1916 mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na maksai wa jeshi la Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Kwa hiyo katika mchezo wetu kete moja ya wapagazi ni watu 100, kila mmoja na kilo 25, na posho yake ni kilo moja kwa siku. Kilo 100 ni pointi moja, zamu ni siku tano. Kete inaondoka ghalani na pointi 25 na inakula tano kila zamu. Kikosi kikiwa mwendo wa siku kumi kutoka ghalani, kwenda na kurudi wapagazi wamekula 20. Zinafika tano.

Kombania ya askari 200 hula pointi kumi kwa zamu. Ili isilale njaa zinahitajika kete nane zikipishana njiani: watu 800 kuwalisha 200. Ghala likiwa mbali kwa siku 13, hakifiki kitu. Mwenzetu anayeshika upande wa Waingereza alirudia hesabu hiyo kwa kalamu yake mara mbili, kisha akauliza madaraja ya reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma yatatengenezwa kwa zamu ngapi. Wajerumani waliyavunja walipokuwa wakirudi nyuma. Hapo ndipo alipoanza kucheza vita yenyewe. Masika yakiingia, kila mwendo unachukua siku maradufu. Nadhani mmeshaona maana yake kwa zile siku kumi.

Sasa upande wa msituni. Kila pembesita yenye vijiji ina akiba ya chakula, pointi sifuri hadi 30, ninayoiandika kwenye daftari langu peke yangu. Kikosi kinachojificha kinakula hapo. Kikishaimaliza akiba, ninalazimika kumwambia adui kilipo, kwa sababu watu walionyang'anywa ghala la mwisho hawana sababu ya kuficha nyayo za yeyote. Hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote. Imemfanya mchezaji wa Wajerumani ahame kila zamu mbili, akitafuta ghala la adui zaidi ya kumtafuta adui mwenyewe, na ndivyo ilivyokuwa Msumbiji, Lettow-Vorbeck alipoteka maghala ya adui: Ngomano Novemba 1917, Namakura Julai 1918. Akiteka kambi yenye ghala anarusha dadu mbili, jumla mara kumi, na hizo ndizo pointi zake.

Akiba ya kijiji hairudi mpaka mavuno. Na kama wanaume wa pembesita hiyo wamechukuliwa upagazi, hairudi kabisa, maana hakuna wa kulima. Ugogo majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na watu, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata wenyewe waliiita Mtunya. Sikutaka mchezo unaopita Dodoma bila alama yoyote juu ya ramani.

Tulibishana kuhusu utoro. Posho ikipungua nusu, kila kete ya wapagazi inarushiwa dadu. Ikija moja, watu kumi wametoroka usiku, ikija mbili, kumi wamekufa kwa kuhara au homa. Mmoja wetu alitaka tufupishe, tuandike tu “kete imedhoofika”. Nilikataa. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kukaribia 100,000, na wengi hawakuandikwa na mtu. Kwenye daftari letu wanaandikwa kwa idadi, tarehe na sababu. Mpaka sasa wamefika 6,340.

Jumamosi tunaingia Novemba 1917. Mchezaji wa Wajerumani yuko kaskazini mwa mto Ruvuma na pointi 14 za chakula, kwinini imekwisha, na ana kete tatu za wagonjwa wasioweza kutembea. Kanuni inamruhusu kuwaachia adui, na adui analazimika kuwalisha. Amenipigia simu mara mbili kuuliza kama ipo njia ya kuvuka nao. Nimepitia hesabu yote upya kwa ajili yake. Haipo.